Uliza la Watoto

Mwalimu wa falsafa ana desturi ya kuijenga hoja ya mpinzani kabla ya kuijibu. Huongea polepole, kiganja kimelala juu ya meza kana kwamba anaituliza, na mwenzake akikwama humsaidia: "Nadhani ulitaka kusema hivi." Binti yake, ambaye kanisani hakanyagi tena, humtania kwamba baba anamnolea adui panga. Jioni ya mdahalo kuhusu kuwapo kwa Mungu, ukumbi wa chuo ulifurika watu waliokuja kumwona mwalimu huyo Mkatoliki akibanwa. Mpinzani wake, rafiki wa miaka mingi asiyeamini kwamba Mungu yupo, alimaliza kusema akaketi.

"Umeacha moja," mwalimu akamwambia. "Hujaniuliza kuhusu watoto wanaokufa. Usinihurumie, uliza." Rafiki aliinamisha kichwa, maana alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la kitindamimba wa mwalimu. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo. "Jibu la kukutosha sina," mwalimu alisema. "Nilipomzika wangu nilimlalamikia Mungu mpaka sauti ikanikauka. Lakini kama hayupo, nilikuwa namlalamikia nani?" Walipotoka nje, binti, aliyekuwa ukumbini akisikiliza, alimshika baba yake mkono. Miaka yote alidhani baba aliupokea msiba wa mdogo wake kwa shukrani, na hilo ndilo lililomtoa kanisani.

"Kumbe na wewe ulilalamika, baba?"

"Mpaka leo, mwanangu. Kila asubuhi nikipiga magoti, naanza na hilo."