Kamba Mpya ya Mtamba wa Baba Mdogo

Chekeni tu, mimi nilishajicheka nikamaliza, na hata leo ukipita Sironga ukauliza ni yupi huyo Moraa aliyetoa hotuba ya shukrani kwa ng'ombe asiye wake, utaonyeshwa mpaka mlangoni kwetu.

Mambo yaliletwa na baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, mfanyabiashara wa ndizi pale Keroka, mtu asiyejua kuongea polepole. Alichoka kusikia kwamba vijana wa ukoo wanaenda vyuoni kulala, akatangaza mbele ya watu kwamba kati yetu wawili, mimi niliyesomea kilimo na binamu yangu Bosire aliyesomea kompyuta huko Kisii mjini, atakayefanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa mwaka atapewa mtamba mwenye mimba. Mtamba! Kwa Bosire hiyo ilikuwa zawadi tu, lakini kwangu ilikuwa karo, kwa sababu mwaka wa mwisho ulikuwa mlangoni na mama alikuwa ameshaniambia majani chai peke yake hayatatufikisha, kwa hiyo bila maziwa ya huyo ng'ombe ningeacha chuo nirudi kuchuma chai naye.

Basi nikasoma (nilisoma mpaka nikawa naota magonjwa ya viazi). Matokeo yakaja, nikapata kredit, wa kwanza darasani, nikaona mchezo umeisha, maana Bosire namjua, huyo anaweza kusinzia akiwa amesimama, na sikuona haja hata ya kumpigia simu nimuulize amepata nini. Badala ya kungoja Jumapili, siku ambayo baba mdogo alisema atasoma jina la mshindi nyumbani kwake, nikapitia sokoni nikanunua kamba mpya, ya bluu.

Kamba ni kitu kidogo, lakini huku kwetu ukionekana nayo mpya hakuna anayekuuliza habari ya asubuhi, wanakuuliza ng'ombe anatoka wapi. Nikaulizwa, nikajibu. Mama akaulizwa, akajibu kwa sauti kubwa kuliko yangu. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimejenga zizi nyuma ya jikoni, nimekata nepia ya kumlisha, na akina mama wa kanisa walikuwa wamekubaliana kutusindikiza wakiwa ndani ya sare zao. Mmoja aliniazima hata kibuyu cha maziwa.

Jumapili tukaingia kwa baba mdogo tukiimba, mimi nikiwa na kamba begani na nepia kwapani. Mwenyewe alikuwa bado sokoni, na mtamba alikuwa amefungwa karibu na migomba. Akina mama wakasema tunangoja nini, binti achukue ng'ombe wake. Nikafungua kamba kuukuu, nikafunga yangu, nikampa nepia kidogo, na kwa kuwa watu walikuwa wamenyamaza wakinitazama, nikaona nihutubie. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru mama, nikawashukuru walimu, halafu (hapa huwa nafunika uso) nikamgeukia Bosire aliyekuwa amesimama pembeni na shati lake jeupe la pasi, nikamwambia, "Ndugu yangu, usife moyo. Hata wewe ukijitahidi, siku moja utafika."

Vigelegele! Nikamwongoza mtamba kuelekea langoni, akina mama nyuma yangu, na hapo tukakutana uso kwa uso na baba mdogo.

"Moraa, hiyo ng'ombe unapeleka wapi?"

"Nyumbani, baba."

"Ng'ombe ya Bosire unapeleka kwenu kufanya nini?"

Wimbo ukakatika. Bosire akajikuna shingo.

"Moraa, mimi nilipata distinkshen," akasema, yaani lile daraja lililo juu ya kredit yangu, tena akalisema kwa upole kana kwamba mwenye makosa ni yeye. "Nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa unaongea."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kamba yangu. Nilimkabidhi mtamba bila kuinua macho, huku mama akijifanya anatafuta kitu mkobani, na nilichokuwa nikiona mbele yangu ni kikapu cha chai tu.

Kumbe Bosire hajawahi kushika ng'ombe maishani mwake. Aliishika ile kamba kwa vidole viwili, mtamba akamjua papo hapo, akamburuta mpaka katikati ya migomba, shati likachanika, yeye akabaki amekumbatia mgomba, na mtamba akazunguka akaja mbio mpaka nilipokuwa, akaanza kula nepia mikononi mwangu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na safari hii hawakunicheka mimi.

"Bosire," baba mdogo akasema akipangusa macho, "hii utalaza wapi? Kwa hosteli?"

"Si ikae kwa Moraa? Yeye ako na zizi."

Huku kwetu, mtu asiye na nafasi humwekesha ndugu yake ng'ombe, na anayefuga ndiye anayekunywa maziwa, na akifuga vizuri hupewa ndama. Baba mdogo akayapitisha hapo hapo mbele ya mashahidi wote waliovaa sare: maziwa yangu, ndama wa kwanza wangu. Nikatoka kwa lango lile lile, na kamba yangu ile ile, na akina mama wakaushika wimbo pale ulipokatikia.

Mtamba alizaa jike. Kila asubuhi nilikamua kabla ya darasa, maziwa yakaenda hotelini Nyamira mjini, karo ikalipwa, na mama akaacha kuniangalia kwa huruma. Mwaka huo baba mdogo hakuahidi kitu, alisema ng'ombe wamemwishia. Bosire, kwa kukosa cha kugombania, akarudia usingizi wake akapita kwa shida. Mimi ambaye hakuna mtu aliyeniahidi hata kuku, nikapata distinkshen! Nililia kwa furaha. Lakini kabla ya kumwambia mtu yeyote nilimpigia Bosire nikamuuliza amepata nini, nikangoja ajibu, ndipo nikamtajia yangu.

"Umenishinda," akasema. "Lakini pole, mwaka huu hakuna zawadi."

"Iko zizini," nikamwambia, "inanyonya."

Hotuba kabla ya jina kusomwa, hiyo nimeapa sitarudia. Ila kamba nitaendelea kununua mapema, kwa sababu siku ile ningeenda mikono mitupu, bila nepia kwapani wala zizi nyumbani, yule mtamba angelala kwa mtu mwingine.