Jina la Bibi Mwanahawa

Mwenzenu nimeumbuka, na wa kumlaumu sina.

Nilitengeneza programu ya bure ya kukumbusha nyakati za swala, nikaiweka wazi mtandaoni, kila atakaye airekebishe. Nikaiita Mwanahawa, kwa jina la marehemu bibi yetu wa Dunda, aliyekuwa akitugongea mlango kila alfajiri. Juzi nikagundua ipo nyingine ya swala yenye jina hilohilo, tena imeitangulia yangu. Wenzangu wakanishauri nibadilishe jina. Thubutu! Mwenye ile hakuandika jina lake, basi nikamshambulia hadharani: "Mwanahawa ni bibi yangu mimi. Wewe humjui, wala hukumzika. Libadilishe!"

Jibu likaja asubuhi, la adabu kabisa.

"Shikamoo kaka. Ni mimi Zuhura, binti wa ami yako wa Pangani. Mlango alinigongea na mimi. Jina nililiweka yeye yu hai, nikamwambia, akacheka. Kumzika mlimzika nyinyi wanaume, ila kumwosha nilimwosha mimi. Sasa kaka, nilibadilishe?"

Wote walikuwa wakisoma. Nikaandika marahaba, kisha nikaenda kubadilisha jina la yangu.