Kosa Nililowawekea Wageni

Nakumbuka siku niliyofika Kerege, mwanangu. Nilidandia malori kutoka Tunduma, nikateremka Chalinze na vumbi hadi kwenye nyusi, nikazungukia Msata, mwisho nikapata kazi ya fundi katika chuo kimoja cha uhandisi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne tu. Wanafunzi walisomea kompyuta nilizozifunga mimi, nami niliwaonea wivu, Idrisa kuliko wote.

Idrisa alitengeneza programu ya kuwapangia wakulima wa mananasi wa Kiwangwa zamu ya lori la mnunuzi, nao wakaanza kuitumia. Hata Bi Saumu, mwalimu wao wa maadili, mama wa Bagamoyo mjini asiyesifu ovyo, alimwambia, "Hongera, baba." Liliniuma neno hilo. Mimi hakuwahi kuniita baba.

Nikaichokonoa programu ile hadi nikaona kasoro. Kila namba ya simu ilihesabiwa mkulima mmoja, na Kiwangwa simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Akijiandikisha wa pili, wa kwanza anafutika. Nikanyamaza. Nilingoja siku wageni walipokuja chuoni kuiona programu, Idrisa akiwa mbele na tai yake, ndipo nikanyoosha mkono nikaitaja kasoro.

Idrisa aliijaribu palepale, ikawa kweli. Mimi nilikaa nimejaa raha, mpaka Bi Saumu aliponiita kando.

"Kosa hilo umelijua lini?"

"Tangu wiki iliyopita, mwalimu."

"Bi Zuhura wa Kiwangwa anatumia simu ya mkwewe. Wiki nzima amengoja lori, mananasi yameoza. Ulichosema ni kweli, baba. Lakini umemsema Idrisa tu. Bi Zuhura hukumsemea."

Idrisa alirekebisha kasoro, akaenda kuomba radhi, akanitaka tufuatane. Nikasingizia kazi. Kumbe hata uungwana wake niliuonea wivu.

Mwanangu, unakwenda kusomea kompyuta. Utaona makosa ya wenzako, na mengine yatakufurahisha. Sema siku hiyohiyo, kwa mwenye kurekebisha na kwa mwenye kuumia. Wivu utautafuna baadaye, peke yako. Wangu bado nautafuna. Mungu akupe jicho la kuona, na ulimi usiongoja watazamaji.

Siku nilipoondoka chuoni moja kwa moja, niliteremka Kiwangwa nikamtafuta Bi Zuhura. Nilimwamkia, nikamweleza yote.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningeazima simu kwa jirani."