Inchi Ishirini na Sita

Tangu tumzike Baba Mkubwa kuna maneno yanatembea kwamba safari ile ya mwisho ndiyo iliyommaliza, na kwamba Mama Mkubwa alimburuta mgonjwa kwenda kwenye starehe kwa sababu ya ukaidi wake tu. Kuhusu ukaidi hatubishani. Mengine yote yalikuwa hivi.

Mama Mkubwa ni fundi wa makochi. Yeye na mumewe walishiriki karakana moja miaka thelathini na minne. Mume alijenga fremu na kuvuta mikanda inayobeba springi, mke alipima, akakata na kushona. Mume alimwita mkewe Bosi, mke akamwita mumewe Fundi, na hata nyumbani, watoto wakiwa wamelala, waliitana hivyo hivyo. Walichokiogopa katika kazi yao hakikuwa kushona. Kilikuwa kupeleka kochi kwa mteja anayekaa ghorofani, kwenye jengo lenye ngazi nyembamba. Hapo walikuwa na sheria yao. Anayeshika juu hupanda kinyumenyume na haoni kitu, kwa hiyo anayeshika chini ndiye husema: panda, panda, tua, kona. Wa juu hujibu kwa miguu. Baba Mkubwa siku zote alikuwa chini.

"Huyu ndiye mwanamume pekee anayeniamrisha," Mama Mkubwa alikuwa akiwaambia wateja huku akihema, "na ni kwenye ngazi tu."

Kila mwaka, wikiendi iliyokaribia siku ya ndoa yao, walifunga karakana Ijumaa adhuhuri wakaenda kwenye mji wa kale ulio ufukweni, ule wenye kuta nene za mawe na vichochoro ambavyo gari haliingii. Walifikia nyumba ileile ya wageni, chumba kilekile cha juu, chenye dirisha la mbao za kijani linalotazama bahari. Hapo ndipo walipokula fungate. Inasemekana siku ya kwanza kabisa, badala ya kumtazama bibi harusi, Baba Mkubwa alipindua kiti cha chumbani akaanza kuzisema springi zake. Mama Mkubwa akamwambia, "Ukigusa kiti hicho narudi kwa mama." Akakiacha. Kila mwaka waliporudi alikuwa akikitazama kile kiti kwa jicho la uchungu, naye mkewe akimrudishia maneno yaleyale.

Kisha kiharusi kikamwangusha Baba Mkubwa karakanani, nyundo ikiwa mkononi. Upande wa kulia ukafa. Ulimi haukufa, daktari alilisema hilo waziwazi, lakini maneno yalitoka mazito na yaliyopinda, na mtu aliyezoea kutoa amri hakutaka kusikika vile. Akanyamaza. Miezi minne alijibu kwa kichwa. Watu walikuja kumwombea, Mungu awabariki, lakini wakimaliza kusema amina walizungumza juu yake kana kwamba yeye ni meza.

Siku moja Mama Mkubwa alikuwa akimlisha supu. Baba Mkubwa akafunga mdomo, akageuza macho kwenye kalenda ya ukutani, akayavuta maneno mawili kutoka mbali.

"Chumba je?"

Mama Mkubwa aliweka kijiko chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege.

"Cha juu?" akauliza.

Mumewe akaitikia kwa kichwa.

"Kipo," mkewe akasema, na kabla supu haijapoa alikuwa ameshapiga simu.

Habari ilipofika kwa wifi yake, dada wa Baba Mkubwa na kiongozi wa kikundi cha maombi, alikuja bila kubisha hodi.

"Wifi, watu tumefunga siku tatu kwa ajili ya kaka yangu, wewe unampeleka kupunga upepo?"

"Endeleeni kufunga. Mungu anaijua na njia ya kule."

"Umri huo mlio nao, mapenzi ya nini?"

"Ungeniuliza mapema ningekuandikia orodha."

Wifi hakucheka. Akakaa, akashika mkoba wake magotini, akauliza kwa sauti ya chini, "Na akifia ngazini?"

Swali hilo Mama Mkubwa hakuwa na mzaha wa kulijibu. Daktari alikuwa ameikubali safari, lakini ngazi hakuzipenda. Alisema mgonjwa asizipande kwa miguu kabisa, na akibebwa abebwe polepole, na kama zinaepukika ziepukwe. Mama Mkubwa alikuwa ameyasikia yote na kuyaweka moyoni.

"Hatapanda kwa miguu," akasema. "Na ameniomba mwenyewe. Kwa miezi minne hakuniomba kitu."

Akaingia karakanani na kujenga kiti. Alikijenga siku tisa: fremu ya mbao ngumu, mishikio miwili mbele na miwili nyuma, mikanda ya kuvaa mabegani ili uzito usiishie kwenye vidole. Vipimo alikuwa navyo kichwani. Katikati ya ngazi za nyumba ile pana sehemu bapa ya kupumzikia, na baada yake njia hubanwa na nguzo ya chuma: inchi ishirini na sita, wala si zaidi. Aliijua tangu mwaka waliomsaidia mwenye nyumba kupandisha kabati. Kwa hiyo alijenga kiti cha inchi ishirini na nne. Kisha, kwa kuwa mkono wa kulia wa mumewe ulikuwa ukigongwa na kuvilia damu bila mwenyewe kuhisi, akaweka sponji nene kwenye mikono ya kiti, ndani na nje, akaivalisha kitambaa cha kijani alichokuwa amemtengea mteja mwenye haraka. Mteja akasubiri.

Gari aliendesha mwanawe wa kwanza, anayefanya kazi ofisi ya maji. Naye hakuitaka safari, lakini alisema afadhali awepo. Walifika Ijumaa alasiri, gari likabaki nje ya ukuta, na Baba Mkubwa akasukumwa vichochoroni katika kiti cha magurudumu huku kile kingine cha kijani kikimfuata kichwani mwa mwanawe kama kofia ya mfalme. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwapokea kwa furaha, kisha akawapa ufunguo wa chumba cha chini.

"Hiki sicho," akasema Mama Mkubwa.

"Si mlipiga simu kubadilisha? Nimewapa hiki cha jirani na chumba cha kufulia. Hakina ngazi hata moja."

Mama Mkubwa akamgeukia mwanawe. Mwanawe alikuwa akivitazama viatu vyake.

"Nani alipiga simu?"

"Mama, nilitaka kukupunguzia kazi. Kitanda ni kitanda."

Mama Mkubwa akafungua kile chumba. Dirisha lilitazama ukuta. Baba Mkubwa akakitazama chumba, akautazama ukuta, kisha akainamisha kichwa kwa namna aliyokuwa akiinamisha wakati wageni wanazungumza juu yake.

"Cha juu kina mtu?" Mama Mkubwa akauliza.

"Hakina," akasema mwenye nyumba.

"Basi tupe ufunguo. Na wewe," akamwambia mwanawe, "vua hivyo viatu, vinateleza."

Vilikuwa vidato thelathini na vinane: ishirini mpaka pale bapa, na kumi na vinane juu yake. Walimhamishia Baba Mkubwa kwenye kiti cha kijani, mgongo wake ukielekea juu. Mama Mkubwa akavaa mikanda upande wa juu, mwanawe upande wa chini. Mwanawe hakuwahi kuijua kazi ile. Alisomeshwa ili asiijue. Alipanda kimyakimya, akikosea hatua, na mara mbili kiti kiliyumba. Walipofika pale bapa shati la kijana wa ofisi ya maji lilikuwa limelowa lote.

Wakapumzika. Wakainua tena, wakaingia kati ya ukuta na nguzo, na kiti kikakwama.

Walijaribu kukiinamisha. Wakajaribu ubavu. Hakikupita.

"Mama, imetosha," mwanawe akasema baada ya kukirudisha pale bapa. "Umejaribu. Hakuna atakayekulaumu. Tumshushe."

"Ningekuwa naogopa lawama nisingefika huku. Nyamaza nifikiri."

Lakini hakuwa na la kufikiri. Nguzo ilikuwa ileile, kiti alikijenga mwenyewe kwa mikono yake, na hesabu ilikuwa sahihi. Jasho likimtoka puani, alimtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama wifi yake hakuwa na haki, kama hakumleta mtu wa watu kumwaibisha kwenye ngazi za watu.

"Tepu," akasema Baba Mkubwa.

Wote wawili wakamtazama. Mama Mkubwa akatoa tepu kwenye mkoba, maana hatembei bila tepu wala bisibisi bapa, akapima kiti kutoka nje hadi nje. Inchi ishirini na saba.

"Ulipima mbao," Baba Mkubwa akasema, kila neno likija peke yake. "Hukupima sponji."

Mwanawe akashika kichwa. Mama Mkubwa akakaa kwenye kidato akaanza kucheka, akacheka mpaka miwani ya mwenye nyumba ikachungulia kutoka chini kuuliza kama kuna mtu ameumia. Miaka thelathini na minne aliwasema mafundi wengine kwa kosa hilohilo.

"Fundi," akamwambia mumewe, akijifuta macho, "miezi minne umenyamaza, ukafungua mdomo kwa ajili ya kunisema."

Upande mmoja wa uso wa Baba Mkubwa ukapanda. "Toa," akasema.

Mama Mkubwa akapiga magoti pale pale, mumewe akiwa amekaa kitini, akaanza kung'oa kwa bisibisi pini zilizoshika kitambaa. Pini ya kwanza ilipochomoka, Baba Mkubwa aliufungua mkono wake wa kushoto, kiganja juu. Ilikuwa ni desturi ya karakana yao: pini haiachwi kwenye sakafu ya mteja. Mama Mkubwa akamwekea pini kiganjani. Akaweka ya pili. Mwanawe alitazama kidogo, kisha naye akapiga magoti upande wa pili na kuanza kuchokonoa kwa ufunguo wa gari.

"Polepole," baba yake akamkemea. "Mbao."

"Samahani, baba."

Kitambaa kikatoka, sponji likatoka. Mbao zikabaki tupu, na Mama Mkubwa akaivua kanga ya mabegani akaufunga ule mkono wa kulia kifuani mwa mumewe usije ukagonga ukuta. Kisha akafumba macho.

"Mungu wangu," akasema, kwa sauti ya kuzungumza tu, "sikuombi nguvu za usichana. Nakuomba za vidato kumi na vinane."

Wakainua.

"Panda," akasema Baba Mkubwa.

Alikuwa akiitazama miguu ya mwanawe iliyo chini yake. Sauti ilikuwa nzito na imepinda, lakini mguu wa Mama Mkubwa uliijua, ukapanda wenyewe kabla kichwa hakijaelewa.

"Panda. Panda. Wee, usivute. Kona. Kona kushoto. Tua."

Wakatua. Kijana wa ofisi ya maji, aliyezoea yeye ndiye kuwaambia watu wazima wasubiri kwenye benchi, aliambiwa tua akatua, akaambiwa panda akapanda. Mbao zikapita kati ya ukuta na nguzo zikiacha nafasi ya kidole kila upande. Mama Mkubwa alipanda kinyumenyume bila kuona kitu, akitazama mvi za utosi wa mumewe, akiisikia sauti ikimwamrisha, na hakugeuka hata mara moja kuangalia vimebaki vidato vingapi.

Juu, mwanawe aliketi sakafuni koridoni. Baada ya muda akasema atalala kwenye kile chumba cha chini, kilichokwisha kuandikwa kwa jina lao, na hatawasumbua mpaka Jumapili. Akashuka.

Mama Mkubwa akafungua dirisha la kijani. Hewa ya chumvi ikaingia, na kelele za watu wanaotembea chini ya kuta. Akakisogeza kiti cha mumewe mpaka dirishani, akakaa kitandani karibu naye, akamshika ule mkono usiohisi, maana yeye alikuwa akiuhisi. Kisha Baba Mkubwa akageuza kichwa polepole, akakitazama kiti kikuukuu cha pembeni.

"Springi," akasema. "Mbovu bado."

"Ukigusa kiti hicho," akasema Mama Mkubwa, "narudi kwa mama."

Mama yake alikuwa amefariki miaka ishirini iliyopita. Wakacheka wote wawili, mmoja kwa upande mmoja wa uso.

Jumapili walisali pale pale dirishani, wakashuka na kurudi nyumbani. Siku ya ishirini na tatu baada ya kurudi, asubuhi, Baba Mkubwa akafariki kitandani kwake, baada ya kuagiza kwa maneno manne kamili dirisha lifunguliwe. Bwana ampumzishe.

Msibani, wifi alilia kwa uchungu wa kweli, na katika kulia akasema mbele ya watu kwamba safari ndiyo iliyomuua kaka yake. Mama Mkubwa alimwacha amalize, akamshika bega.

"Wifi, hakufia ngazini. Amefia kitandani, palepale mlipotaka akae. Ngazi alizipanda akatua."

Kile kiti kipo karakanani, karibu na mlango. Mikono yake bado ni mbao tupu, na pini zimo kwenye kopo juu ya rafu. Juzi mwanawe alileta kitambaa kizuri, akasema kwa upole kwamba angependa mama akivalishe upya, kisikae uchi. Mama Mkubwa alikuwa na simu sikioni, akimwambia mwenye nyumba wa kule ufukweni kwamba mwaka huu pia anakuja, chumba ni kilekile cha juu, na asithubutu kumsikiliza mtu mwingine akipiga simu kubadilisha. Akamaliza, akakipapasa kitambaa, akakisifu, akakirudisha mikononi mwa mwanawe.

"Kiache hivyo," akasema. "Ndivyo kinavyopita."