Siku Mbili za Burulkan Ziwani

Burulkan alilijua ziwa la Song-Kol kabla ya kujua kusema. Kila mwaka theluji ilipoyeyuka kwenye njia ya mlimani, wazazi wake walipandisha kondoo na farasi wao kule juu, na alipoolewa na Sharshen akapandisha wa Sharshen. Alikamua farasi majike, maziwa yao akayachachusha yakawa kumisi, kile kinywaji kinacholevya kidogo, mpaka vidole vikapinda. Mdomo alikuwa nao, tuseme ukweli. Wanawake wa kambi za jirani wakimwona anakuja walikuwa wanafagia mlangoni kwanza, ndipo wamwamkie. Basi figo zilipomharibikia na ikawa lazima apelekwe hospitali ya wilaya mara kwa mara akasafishwe damu kwa mashine, hakuzililia figo. Alililia ziwa.

Mifugo wakagawiwa watoto. Hema kubwa la sufu, ambalo kulisimamisha kunataka mikono mingi, likachukuliwa na mwana wa mwisho kama ilivyo desturi. Sharshen akabaki na gari lake kuukuu la Kirusi na mke anayekaa dirishani akitazama wenzake wanavyopanda.

Mwaka huu, masika yalipoanza, Burulkan alisukuma bakuli la chai pembeni akasema, "Mashine inaniachia Ijumaa mchana, inanitaka tena Jumatatu. Hapo katikati mna siku mbili. Nazitaka ziwani."

"Na daktari?" Sharshen aliuliza.

"Nimeshamuuliza. Amesema nisinywe kumisi, nisile chumvi, nisipigwe baridi."

"Sasa ziwani kuna nini kingine zaidi ya kumisi, chumvi na baridi?"

"Utakuwepo wewe wa kunichotea maji."

Sharshen akacheka, akakubali. Kule kukubali kungepaswa kumshtua Burulkan, kwa sababu tangu waoane mzee huyu hakuwahi kukubali jambo mara ya kwanza anapoambiwa. Lakini mtu akipewa anachokitaka haulizi sana.

Tangu siku hiyo alipanga. Alipanga jikoni, alipanga kitandani, na zaidi alipanga pale hospitalini, mashine ikimzungushia damu yake, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akajua vizuri kambi itakuwa wapi kuliko manesi walivyojua majina ya wagonjwa. Hema litasimama ng'ambo ya kijito, mlango ulitazame ziwa. Si pale karibu na majani marefu, pale mbu wanang'ata mpaka farasi. Kuni zisahauliwe, kule hakuna mti hata wa kuchongea kijiko. Watawasha samadi kavu, na iwe ya mwaka jana, ya mwaka huu inatoa moshi tu. Mkate ataoka mwenyewe, bila chumvi. Na watu wa kambi wakileta kumisi, maana wataleta, hakuna anayefika kule asiletewe, atashika bakuli, atainusa, atampa Sharshen.

"Kunusa hajakataza," alisema.

"Mimi nitalewa kwa niaba yako," Sharshen akajibu.

Kosa alilofanya Sharshen lilikuwa dogo, na mtu wa kwingine asingeliona. Alikwenda kuazima vitu. Kwa Zuurakan, jirani, aliazima samovari, birika kubwa la kuchemshia maji ya chai. Kwa Toktobek, kijana wa ukoo anayewapandisha watalii, aliazima hema jepesi la kitambaa. Kila mahali alieleza ni kwa ajili gani, kwa sababu huku huwezi kuazima hata sindano bila kueleza, na kila mahali watu walimtazama mara mbili kabla ya kumjibu. Wazee wetu wengi waliozidiwa na maradhi waliomba wapelekwe walione ziwa, na walioshuka wakiwa hai wanahesabika. Sharshen alilijua hilo kama tunavyolijua sote. Sijui alifikiri watu watalisahau kwa sababu yeye ameamua kulisahau.

Na huku hatumwachi mtu anayekaribia kufa aende bila kupeana radhi. Uliyegombana naye, uliyemsengenya, hata uliyekula naye mkate tu bila ugomvi, lazima umwambie "niwie radhi" naye akujibu, asije akafukiwa na jambo lako.

Wa kwanza alikuja Zuurakan, samovari kaikumbatia.

"Shoga yangu, haivuji tena, nimeiziba." Akaiweka chini, akabaki amesimama. "Yule mwanakondoo wangu wa mwaka ule wa theluji nyingi, aliyepotelea upande wenu. Nilikutangaza kijiji kizima kwamba umemla. Niwie radhi."

"Nilimla kweli," Burulkan alisema. "Alikuwa na mafuta, wee."

Akacheka mwenyewe mpaka akashika ubavu. Zuurakan naye machozi yalimtoka, ila si ya kicheko, na Burulkan akampa radhi huku akifikiri uzee unamchezea jirani yake.

Kisha akaja Toktobek na hema begani, kofia mkononi.

"Mama, hema hili linafungwa hivi, ni jepesi, mzee hatapata taabu." Akaitazama kofia yake. "Na kama nimewahi kukukosea, uniwie radhi."

"Utanikosea nini wewe? Juzi tu nilikuwa nakufuta kamasi."

"Sijui, mama. Basi tu."

Ile basi tu ndiyo iliyomkata maini. Alimpa kijana radhi yake, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi kukaa bila kuwasha taa.

Kesho yake akaja Anarkul, wifi yake, dada wa Sharshen, ambaye hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu walipogombana siku ya kugawana vitu vya marehemu mama mkwe. Huyu hakuazimwa kitu. Alileta siagi, akaiweka mezani bila kukaa.

"Zile hereni za fedha za mama nilizichukua mimi, wifi. Nikakusingizia wewe. Nimezivaa miaka yote hii kwenye harusi ambazo wewe hukualikwa." Akaisogeza siagi mbele yake. "Niwie radhi. Usiondoke na jambo langu."

"Ninakwenda kulala ziwani, Anarkul. Jumapili nimerudi, uje tugombane vizuri."

Anarkul alimshika mkono, akaubusu kama mtoto anavyombusu bibi, na Burulkan akamwia radhi, maana mtu akiombwa hanyimi.

Wifi alipoondoka, Burulkan alimkuta Sharshen nje, anafunga magunia ya samadi juu ya gari.

"Uliwaambia nini watu?"

"Niliwaambia naazima hema."

"Na wao wakasikia sanda."

Sharshen aliendelea kufunga fundo ambalo lilikuwa limeshafungwa.

"Nisikilize, mzee. Mimi naenda kulala siku mbili na kurudi. Nimeshawapa radhi wote, hata wenye hereni. Amebaki mmoja hajaniomba. Asiniombe. Maadamu wewe hujaniomba, hii ni safari kama safari nyingine. Siku utakayoniomba nitajua ninapelekwa kuzikwa."

"Nikuombe nini mimi? Kuishi na wewe ndiyo faini yangu, nimeshailipa yote."

Burulkan akacheka, na siku ile alikula vizuri. Hakuwa mjinga. Aliuona uso wake mwenyewe ulivyopauka, na miguu ilivyovimba. Ila alikuwa amejishikiza kwenye kitu kimoja tu, mdomo wa mume wake uliofungwa, na hapo akajipumzisha.

Ijumaa alitoka hospitali akiwa hajiwezi. Sharshen alimbeba karibu mzima, akamkalisha mbele, akamwekea mto wa sufu mgongoni na blanketi mabegani. Daktari alikuwa amemwita pembeni kwanza, wakazungumza kidogo kwenye korido. Burulkan hakuuliza wamezungumza nini. Alipotazama nyuma aliona hema, samovari, mkate wake usio na chumvi, kila kitu mahali alipopanga kikae, akafurahi.

Walipofika pale njia inapogawana, kushoto kwenda kijijini na kulia kupanda mlima, Sharshen akasimamisha gari. Juu kabisa theluji ilikuwa imebaki mistari tu. Njia ilikuwa wazi.

"Endesha," Burulkan alisema.

"Burulkan."

"Endesha, mzee, jua litatuzamia."

Sharshen alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na gari limezimwa. "Yule binti yetu wa kwanza," alisema. Tangu walipomzika hakuna aliyemtaja mbele ya mwenzake. "Uliniambia tumshushe kwa daktari. Nikasema tungoje kondoo wamalize kukatwa manyoya. Ulinibembeleza, ukapiga magoti. Nikasema tungoje." Akauachia usukani. "Nimejaribu kunyamaza, mke wangu, nimeshindwa. Niwie radhi."

Burulkan alitazama ile njia ya kulia. Aliijua kona kwa kona, na macho yake yalipanda nayo mpaka pale inapojificha nyuma ya mwamba. Hakumkasirikia. Hata kumlaumu hakukumjia. Aliona tu kwamba sasa hakuna aliyebaki hajamwomba radhi.

"Nimekuwia radhi," alisema.

Sharshen akafuta uso kwa kiganja, akawasha gari, akaelekeza usukani kulia.

"Kushoto," Burulkan alisema.

"Lakini tumeshafungasha. Kila kitu kipo."

"Kule nilikuwa nakwenda kulala siku mbili, Sharshen. Kufa nitafia nyumbani."