Mistari Inapokutana Utosini

Pacha hawa walisuka kichwa kimoja kwa pamoja. Mmoja alishika kushoto, mwenzake kulia, wakakutana utosini, na mteja aliyekaa katikati alipata umbea kwa masikio yote mawili. Aliyezaliwa kwanza aliitwa Tangulia, wa pili Fuata. Majina ya kwenye cheti hata mama yao aliyakumbuka kwa shida. Sura moja, sauti moja, hata kucheka kumoja. Wateja waliwatofautisha kwa upande waliosimama, na siku wakibadilishana kwa utani, saluni nzima ilivurugika.

Sasa Tangulia wa watu akaanza kuamka vidole vimefura, vigumu, vinawaka. Akamficha Fuata. Angesema nini? Saluni ilikuwa ya mikono minne. Ikibaki miwili, si yeye atakuwa wa kufagia nywele tu huku Fuata akisuka peke yake? Jambo hilo lilimtisha kuliko maumivu yenyewe.

Wifi yake, muuzaji wa poda za kila ugonjwa, alikuwa na jibu tayari. "Wifi, mwilini mwako kuna oksijeni kali, inakuunguza. Kunywa hii uizime." Tangulia akabugia poda chungu mpaka ulimi ukafa ganzi. Vidole wala havikuwa na habari.

Mwishowe akaenda hospitali kwa kujificha. Daktari, mama mmoja wa miwani mwenye maneno mengi, alishuku baridi yabisi, akaagiza damu ipimwe: uvimbe, jeni na chembe nyeupe. Hapo ndipo pakawa na kazi! Tangulia huyu huyu, anayevuta nywele za watu mpaka machozi yanawatoka huku akiwaambia "vumilia dada, urembo huo", akiona sindano anazimia.

"Nenda wewe," akamwambia Fuata. "Kipimo cha kawaida tu. Kwani damu si ile ile?"

"Ile ile," Fuata akajibu, akaenda na kadi ya mwenzake bila maswali.

Siku ya majibu walikwenda wote wawili. Fuata akabaki kwenye benchi la nje. Ndani, daktari alitazama karatasi, akatazama vidole, akarudi kwenye karatasi.

"Mama, mbona sielewi? Damu hii haina uvimbe, imetulia tuli, lakini vidole vinapiga kelele. Ni wewe kweli uliyetoa damu?"

Tangulia akajikuna shingo. "Ni mimi, daktari. Ila yule mwingine."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Aliivaa tena, akamchungulia Fuata dirishani, akasikiliza habari ya wifi na poda yake, na sasa hakuwa anacheka.

"Wifi yako kasema nusu tu. Chembe nyeupe za damu hutengeneza hiyo oksijeni kali ili kuua vijidudu, na ikizidi inaunguza, ni kweli. Lakini ikiwa kwa kiasi chake, inawatuliza pia askari wa mwili: basi, inatosha, huyu ni mwenyewe. Pacha wako ana jeni yenye kasoro. Chembe zake zinaitengeneza kidogo mno. Askari wasipokatazwa, wanaweza kugeukia viungo vya mwenye mwili."

"Kumbe ile poda..."

"Iache. Huenda ulikuwa unazima kile kidogo ulichonacho."

Tangulia akashtuka. "Ngoja kwanza. Umesema pacha wangu. Naye anaumwa?"

"Haumwi. Ila kama mnafanana hivi, jeni hiyo bila shaka mnayo wote. Kwako imeshachokozwa, kwake bado. Na huenda isichokozwe maisha, maana jeni peke yake haitoshi."

Loo! Tangulia aliangua kilio. Kwa kukimbia sindano amemletea mwenzake habari ambayo hakuiomba! Muuguzi akautumia mwanya huo huo kumtoa damu, na Tangulia hata hakukumbuka kuzimia.

Fuata aliposikia kilio aliingia bila kubisha hodi. Akaambiwa yote, ya vidole na ya jeni.

"Ya vidole nilijua," akasema.

"Ulijua tangu lini, wewe?"

"Tangu mistari ilipoacha kukutana utosini ikawa inakutana karibu na sikio, upande wako. Ulidhani nani alikuwa anavuka?"

"Nilidhani umeingiwa na haraka!"

"Haraka ya nini, na mimi nasuka kichwa kizima karibu peke yangu?"

Dawa zilianza, na polepole mistari ikaanza kurudi juu. Asubuhi moja, mteja akiwa ameinamisha kichwa, Fuata aliuliza taratibu bila kuinua macho.

"Na jeni yangu ikichokozwa, dada?"

Tangulia aliendelea kusuka. Akafika utosini, hakusimama. Akavuka, akashuka upande wa kulia, wa Fuata, vidole vikimuuma, mpaka karibu na sikio.

"Kaa chini basi," akasema. "Unywe chai."