Vitwitwi wa Shangazi

Harufu ya gunia la katani lililolowa hunibana pumzi mpaka leo. Nikiisikia tu, nakuwa tena yule mtoto kibogoyo wa meno ya mbele, nimelala kifudifudi kwenye fungu la mchanga huko Tanga, gunia limenifunika gubigubi, na Shangazi Mwanahamisi amenishika mkono barabara.

Shangazi alikuwa dada yake baba. Mumewe alipofariki alimwachia kamera na kibanda cha picha pale Korogwe, naye akakiendesha mwenyewe. Wakata mkonge wa shamba la Ngombezi walikuja kupigwa picha wakiwa wamevaa koti moja lile lile lililoning'inia nyuma ya mlango, fupi kwa huyu, pana kwa yule. Kisha vikaja vijiji vya ujamaa. Baba akaamua sote tuhamie Handeni, Shangazi akiwemo. Mjane hakai mjini peke yake, alisema. Bibi akamtuliza: "Palipo na wengi hapaharibiki neno, mwanangu."

Shangazi hakubisha. Aliomba tu, kabla ya lori kuja kutuchukua kesho yake, aende akawapige picha vitwitwi, ndege wa ufukweni ambao marehemu alikuwa akimwahidi kumpeleka kuwaona. Baba alikubali, ila aende na mimi, na turudi kwa basi la mchana.

Upepo ulivuma ukitumwagia mchanga machoni. Vitwitwi walikuja kundi zima, wakikimbia kwa vijiguu vyao vyembamba kana kwamba wameitwa ghafla nyumbani. Kamera ikalia, ikalia tena. Mimi nilibanwa na mkojo, shingo ikiniuma.

"Shangazi, twende."

"Tulia. Ukitikisika wataruka."

Nikatulia. Maji yakaanza kujaa. Yalinifika magotini, gunia likawa zito, na nilipochungulia nyuma niliona ufuko tuliouvuka kwa miguu mikavu umegeuka mkondo. Nikaangua kilio. Hapo ndipo Shangazi alipozinduka. Alinibeba mgongoni, kamera kaifunga kichwani kwa kanga, akavuka maji yakimfika kifuani huku akirudia, "Nisamehe, mwanangu, nisamehe."

Basi lilikuwa limeshaondoka. Tulifika Korogwe kesho yake, jua limepanda. Lori lilikuwa likitungoja, mizigo imeshapakiwa. Shangazi alipanda nyuma, akakaa juu ya magodoro, akaipa Korogwe mgongo.

Kule Handeni alilima mahindi kama sisi sote. Kibanda hakuwa nacho tena.

Nilikuwa mama wa watoto wawili nilipokumbuka jambo moja ambalo utoto wangu haukulipa uzito: nilipochungulia kutoka chini ya lile gunia, pale ufukweni hapakuwa na ndege hata mmoja. Walikuwa wameruka zamani. Mtoto mimi nilidhani tunawangoja warudi.